Vazi la Kanivali: Kununua, Kuazima au Kushona

Waliosikiliza Deutsche Welle zamani wanalijua jina la Cologne. Idhaa ya Kiswahili ilitangaza kutoka huko tangu 1963 mpaka ilipohamia Bonn mwaka 2003. Kwa sisi tuliotoka Kisorya, Tanzania, tukahamia huku, jina hilo sasa lina maana nyingine: kanivali, siku zile za mwisho kabla ya Kwaresima, na gharama zake.

Kutazama ni bure, mradi ukubali kusimama. Msafara mkubwa wa Jumatatu, ulioanza mwaka 1823, una majukwaa ya viti, na tiketi moja hugharimu makumi ya yuro. Mwenye watoto simshauri alipe. Jumapili, siku moja kabla, hupita msafara wa shule na mitaa. Watu wamejishonea mavazi wenyewe, kila kundi likitaka kulishinda jingine, na mtoto anayepaza sauti "Kamelle!" anarudi nyumbani na mfuko wa peremende. Aliyewahi kwenda Bujora, Usukumani, mwezi Juni, vikundi vya Bagika na Bagalu vinaposhindana kwa ngoma siku za sikukuu ya Bulabo, atauelewa ushindani huu bila kufafanuliwa. Nauli isikutishe ukiwa na tiketi ya mwezi ya treni na mabasi, ingawa nayo imepanda: yuro 49 mwaka 2023, 58 mwaka 2025, 63 mwaka 2026.

Pesa huliwa na vazi. La dukani ni jepesi, la poliesta, na Februari huku ni baridi kali. Unaishia kulifunika kwa koti. La kuazima halina gharama, ila likichanika unadaiwa.

Mimi nasema shona, na ushone Lappenclown, vazi la zamani la hapa lililofunikwa kwa viraka kuanzia mabegani mpaka miguuni. Tafuta suruali na shati kubwa la mtumba, lipite juu ya sweta. Kata viraka vyenye upana wa kiganja, anza kushona kutoka chini ukipanda, na kila kiraka kishike ukingo wa juu tu. Safu ya juu ilalie ya chini kama magamba ya sato. Ukitembea vinapeperuka, na tabaka hizo zinatunza joto kweli.

Wengi hapa hutumia kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, ambacho hakifumuki nyuzi lakini bei yake inauma kwa viraka mamia. Mabaki ya kitenge kwa fundi cherehani wa Kisorya huishia kujazwa kwenye mito; mwombe, mpe cha soda, utapata mfuko mzima. Kitenge hufumuka, kwa hiyo mwambie fundi apitishe zigizaga kwenye kingo kabla hujasafirisha, na umlipe kazi hiyo. Usitume kwa posta, faida yote itaishia kwenye stempu. Subiri ndugu anayesafiri: kilo mbili tatu hazimsumbui mwenye begi la kilo 23.

Gharama halisi ni jioni zako. Msimu unafunguliwa tarehe 11 Novemba, na mwaka 2027 Jumapili ya msafara ni tarehe 7 Februari. Ukishika sindano siku ya ufunguzi una karibu miezi mitatu, na kwa mkono inatosha. Ukianza baada ya Krismasi, shona shati peke yake, suruali ivae viraka mwaka unaofuata.