Mfadhili akiondoka, dawati libaki

Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilishirikiana na UNICEF, wataalamu wa afya wa Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili kuwauliza vijana juu ya ukatili waliofanyiwa utotoni. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kusema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Wahisani walisaidia kuwafundisha askari, na madawati ya jinsia na watoto yakaenea katika vituo vya polisi. Mwaka 2017 ukaanza mpango wa taifa, MTAKUWWA, wenye kamati hadi vijijini.

Lakini fedha za mhisani zina mwisho. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Mama aliyepigwa usiku hamtafuti mfadhili. Anatafuta askari wa dawati, fomu ya PF3 na daktari. Hivyo havina budi kutoka katika bajeti yetu wenyewe. Basi diwani wako akiitisha mkutano, muulize: kamati ya MTAKUWWA mwaka huu imetengewa kiasi gani?