Namba ya Mbele Katika Gari la Umeme

Baba wa watoto ameleta nyumbani gari la umeme. Halina moshi wala kelele, na uso wake ni laini kama yai. Fundi anakuja na kibao cha namba, drili mkononi. Baba anang'aka: "Usilitoboe gari langu!" Mwishowe kibao kinalazwa juu ya dashibodi. Lakini anayepeleka watoto shuleni ni wewe, na trafiki akisimamisha gari, wewe ndiwe utakayejibu. Mwezi huu tuzungumzie jambo hili dogo kabla halijaleta ugomvi nyumbani.

Kwa nini kuna shida?

Gari la petroli lina rejeta kubwa, hivyo huwa na wavu mpana mbele. Gari la umeme halihitaji hewa nyingi kiasi hicho, ndiyo maana uso wake huzibwa. Tena majimbo mengine ya Marekani, kama Florida na Pennsylvania, hudai kibao cha nyuma tu. Kwetu Kenya na Tanzania sheria hudai vyote viwili.

Njia za kukifunga

Ya kwanza ni skrubu. Hushika imara, lakini fundi asitoboe asipojua kilicho nyuma ya bampa. Nyaya nene za rangi ya chungwa hubeba umeme wa kuua.

Ya pili ni fremu ya kubandika kwa gundi maalumu. Haiachi tundu, ila bampa lisafishwe vizuri na likauke kabisa, la sivyo itabanduka.

Ya tatu ni chuma kinachoingia kwenye tundu la kuvutia gari. Hakiharibu chochote, lakini kibao hukaa upande, na gari likikwama itabidi ukifungue kwanza. Uliza kama sheria inakubali kibao kikae upande.

Ya nne ni kishikizo cha kubana kwenye wavu wa chini. Hakikisha hakizibi njia ya hewa.

Pima kabla ya kununua

Nissan Leaf nyingi zilizotumika Japani zina tundu la kuchajia puani, kati ya taa mbili. Kibao kisizuie kifuniko chake. Nafasi yake pia ilipimwa kwa kibao cha Kijapani, sentimeta 33 kwa 16 na nusu, ilhali vyetu vya mbele ni virefu na vyembamba. Huenda ukahitaji fremu ya kuunganishia.

Zaidi ya yote, tazama vile viduara vidogo kwenye bampa. Ni vihisi vinavyolia gari linapokaribia kitu. Mengine yana kamera au rada mbele. Kibao kikivifunika, gari halitamwona mtoto anayecheza uani.

Namba ni ya jirani

Akina mama, namba si pambo. Ni jina letu barabarani. Tukimgonga mtu, kwa namba hiyo atatujua na kudai haki yake. Anayeificha anasema moyoni kwamba hataki kujulikana. Mtume Paulo alituagiza kutii wenye mamlaka, na upendo kwa jirani hautuachii njia nyingine.

Kwa hiyo usimbishie baba mbele ya fundi. Jioni, watoto wakiisha kulala, chukueni tochi na futi, mkalikague gari pamoja. Uzuri wa bampa utalindwa, na jina lenu litasomeka.