Tovuti Iliyomfungia Nje Mwenye Mashairi

Jumuiya ya utamaduni tunayoitumikia ilipofungua tovuti yake, tuliifungua kama tufunguavyo kila jambo hapa pwani: kwa kahawa tungu, haluwa, na hotuba ndefu kuliko haja. Ukurasa wa mbele ulikuwa na filamu ya majahazi yakiingia bandarini, ikijicheza yenyewe kwa muziki. Chini yake zilipangwa picha za milango ya nakshi na mashairi ya malenga wetu, yameandikwa kwa hati ya rangi ya dhahabu juu ya weupe. Tulijisifu sana.

Miongoni mwa mashairi hayo yalikuwamo ya bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 80, ambaye macho yake yamekwisha kumwacha. Tulikwenda nyumbani kwake kumpa bishara. Mjukuu wake akawasha katika simu programu ya kusoma skrini, ile ile ambayo bibi huitumia kusikilizia ujumbe wa wanawe walio ng'ambo, kisha akaifungua tovuti. Kwanza muziki ukaifunika sauti ya programu. Ulipozimwa, sauti ikasema: picha. Mjukuu akasogeza kidole. Picha. Akasogeza tena. Picha.

Bibi akangoja, halafu akauliza kwa upole, "Na maneno yangu, mwanangu, mumeyaweka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Kabla hatujaaga, bando la yule mjukuu nalo likawa limekwisha.

Sisi tuliokulia chuoni, kwa ubao na wino, tulidhani kosa hilo ni mawili: moja la macho ya bibi, jingine la bando la kijana. Fundi mpya tuliyemwendea alituonyesha kuwa ni kosa moja. Mashairi yale tuliyapiga picha, na kwa mashine picha ya maneno si maneno. Macho huyasoma, programu huona mchoro tu, ikapita. Na picha hiyo ni nzito mno. Shairi la beti 5, lenye mishororo 20, likiandikwa kwa herufi za kawaida halifiki kilobaiti 1. Picha yake iliyopigwa kwa simu yaweza kufika megabaiti 3. Maana yake, ndani ya nafasi ya picha moja yangeingia mashairi 3,000, na bibi angeyasikia yote.

Uzito huo hauishii kwenye bando. Kila megabaiti huhifadhiwa katika kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, hupita katika nyaya na minara ya simu, kisha huila betri ya mama aliyeketi barazani na simu yake kuukuu. Hakuna hatua isiyokula umeme. Kuna israfu ya maji ambayo kila mmoja wetu aijua; hii haina sauti ya bomba, ndiyo maana hatuisikii.

Wapo waliotutangulia kulifikiri jambo hili. Mwaka 2018 mwandishi Kris De Decker, mwenye jarida la Low-tech Magazine, aliifungua tovuti inayoendeshwa kwa jua kutoka nyumbani kwake Barcelona, Hispania. Paneli yake ilikuwa ya wati 50 tu. Mawingu yakikaa siku nyingi, tovuti huzimika, na msomaji huonyeshwa kiasi cha umeme kilichobaki katika betri. Picha zake amezipunguza rangi mpaka zimekuwa nyepesi, na kurasa zake zimeandaliwa mapema zikakaa tayari. Hili la mwisho kina mama watalielewa upesi kuliko sisi. Tovuti nyingi huwasha jiko upya kila mgeni abishapo hodi. Hii imepika mahamri asubuhi, ikayapanga katika sinia. Mgeni akija, anapakuliwa.

Hatukufika mbali kama yeye, kwani tovuti yetu haitegemei jua. Lakini sinia ya mahamri tuliichukua.

Upande wa kuwafikia watu wote, kanuni zipo tangu zamani. Shirika lisimamialo viwango vya wavuti, aliloliasisi Tim Berners-Lee, lilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1999. Miongozo iliyofuata ilitaja hata tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake: isipungue 4.5 kwa 1. Dhahabu yetu juu ya weupe haikufika hata karibu. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika kifungu cha 54, inamtambulia mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Sisi tuliisoma kama jambo la serikali na majengo.

Kazi iliyotuchukua siku nyingi ni kuandika maelezo ya picha, yale ambayo programu humsomea asiyeona. Mlango wa kwanza tuliuandikia: "Mlango mzuri wa kale." Mama mmoja wa kamati akayakataa papo hapo. "Mzuri vipi? Mwenye kusikiliza atashika nini hapo?" Akaanza kuutaja mwenyewe: mbao mbili, mfaa wa katikati uliochongwa mawaridi, miimo yenye mnyororo wa nakshi, misumari ya shaba safu kwa safu. Vijana waliokuwa wakipiga chapa wakamwuliza mfaa ni nini. Ikabidi waende kwa seremala mzee kuuliza majina ya viungo vya mlango kimoja kimoja, na wakarudi na maneno ambayo hata sisi tulikuwa tumeyasahau. Tulianza kwa ajili ya asiyeona. Tukakuta wenye macho ndio waliokuwa hawaoni.

Hatukukubaliana katika yote. Vijana wengine walinung'unika kuwa tovuti sasa yafanana na gazeti la zamani, na hawakukosea sana. Filamu ya majahazi tuliihamishia ukurasa wake, haichezi mpaka ibonyezwe, na uzito wake umeandikwa kando ili mtu ajue anachokinunua. Sauti za malenga hatukuziondoa, kwa kuwa shairi la pwani lisiloghaniwa ni nusu ya shairi. Tulizibana tu, dakika 2 zikawa kama nusu megabaiti. Miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ingali inatushinda. Tumeiacha kama picha, na chini yake tunainukuu kwa herufi za Kilatini, polepole, ukurasa baada ya ukurasa.

Tuliporudi kwa bibi, sauti ya simu ililisoma shairi lake kwa matamshi ya Kiingereza. Fundi alikuwa amesahau kuutia ukurasa alama ya kuwa ni wa Kiswahili. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu: "Mzungu gani huyu mumemleta aniharibie?" Alama ikatiwa, tukaanza upya.

Safari hii alisikiliza kimya, midomo ikifuata. Alipofika ubeti wa tatu akainua mkono. Simu ikanyamazishwa.

"Hapo mumenila mizani mbili," akasema.

Tulitafuta daftari la asili. Alikuwa na haki. Neno lilikuwa limeanguka wakati wa kunakili, na hakuna hata mmoja katika kamati aliyeona. Tulilirudisha jioni ile ile.