Orodha Ikirudi Kijijini

Siku hizi ni nadra kukuta andiko la mradi wa wafadhili lisilojiita shirikishi. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Benki ya Dunia, Ghazala Mansuri na Vijayendra Rao, walikadiria kuwa benki hiyo ilikuwa imetenga takriban dola bilioni 85 kwa maendeleo ya namna hiyo ndani ya muongo mmoja. Matokeo ya utafiti wao yanafaa kusomwa na kila diwani: wanaojitokeza kushiriki mara nyingi ni wanaume, wenye elimu na uwezo kuliko majirani zao, tena wanaojuana na viongozi.

Mbinu shirikishi zenyewe ni nzuri. Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa utawala nchini Kenya, alieleza katika kitabu chake cha 1983 jinsi wageni wa maendeleo wanavyokwenda vijijini wakati wa kiangazi, wakaambaa na barabara ya lami, wakazungumza na wanaume wenye vyeo, kisha wakarudi mjini wakiamini wameuona umaskini. Yeye na wenzake wakahimiza fimbo ya kuchorea iwe mkononi mwa mwanakijiji. Ramani ya kijiji inachorwa chini, kwenye udongo: mawe ni nyumba, majani ni mashamba, majivu ni mto. Asiyejua kusoma anaweza kuinama, akalihamisha jiwe, akasema kisima hiki kilishakauka, na wote wakamwona. Dodoso halitoi nafasi hiyo, kwa kuwa anayelijaza ni mmoja tu.

Sasa tuangalie Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa nchini Tanzania na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa fedha zikiwemo za Benki ya Dunia. Wananchi hukutana, wakakubaliana sifa za kaya maskini sana, wakazitaja kaya zenye sifa hizo. Kaya hizo hujaziwa dodoso kuhusu idadi ya watu, hali ya nyumba na mali waliyonayo. Kompyuta hukadiria hali ya kila kaya, na zinazoonekana kuwa na nafuu huondolewa. Kisha orodha hurudishwa kwenye mkutano ili ithibitishwe.

Naiunga mkono hesabu hiyo, maana mkutano nao una upendeleo wake, na shemeji wa mwenyekiti hakosi wa kumtaja. Lakini kompyuta haina habari kwamba bati linaloonekana juu ya nyumba ya mjane liliezekwa na mwanawe kabla hajafariki. Mkutano unajua. Kwa hiyo kipimo changu cha ushirikishwaji ni hiki: orodha ikirudi, wananchi wanaweza kuibadilisha kwa kiasi gani? Kumwondoa mwenye duka aliyepenya ni rahisi, kwa sababu hakuongezi gharama. Kumrudisha mjane ndiko kunakogusa bajeti, na bajeti haipangwi kijijini.

Hali hiyo ilishaonekana hata katika ngazi ya taifa. Kuanzia 1999, nchi iliyotaka kupunguziwa madeni ilitakiwa kuandika mkakati wa kupunguza umaskini kwa kuwashirikisha wananchi. Tanzania ilifanya warsha za kanda mwaka 2000, na watu wakataja shida zao waziwazi. Sera za uchumi mpana, zinazoamua shule na zahanati zitapata fedha kiasi gani, zikabaki kwa sehemu kubwa mazungumzo ya serikali na wakopeshaji.

Anayetaka kuupima mradi ulioko kwake asihesabu sahihi za mahudhurio. Aulize mkutano uliitishwa saa ngapi, wakati kina mama wako kisimani au wamesharudi. Aombe muhtasari, aulinganishe na rasimu iliyoletwa, atafute jambo moja lililobadilika. Mansuri na Rao waliona pia kwamba ushiriki wa wenyeji hufanikiwa zaidi pale serikali ya juu inapofuatilia na kuwajibika. Mjane aliyeachwa nje anahitaji majirani wa kumsemea, na anahitaji vilevile ofisa wa halmashauri anayelazimika kujibu rufaa yake kwa maandishi, ndani ya muda uliotangazwa.