Kuhifadhi si Kuficha: Istilahi za Tasnifu Maktabani

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili au ya uzamivu amalizapo utafiti wake huandika tasnifu, na baada ya kutahiniwa hutakiwa kukabidhi nakala kwa maktaba ya chuo. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo hatua hiyo, kwa kuwa mkanganyiko wa maneno huzaa mkanganyiko wa kazi.

Istilahi ya kwanza ni tasnifu yenyewe. Baadhi ya waandishi hutumia tazmili kwa maana hiyo hiyo, na wengine hutaka neno moja liwe la uzamili na jingine la uzamivu. Sisi twaona kwamba tasnifu yatosha kwa zote mbili, madhali shahada itatajwa: tasnifu ya uzamili, tasnifu ya uzamivu.

Ya pili ni amana. Hiki ni kitu akabidhiwacho mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe, na benki nazo hulitumia neno hilo kwa fedha za wateja. Nakala iliyokabidhiwa maktaba, iwe ya karatasi au ya kielektroniki, yafaa iitwe nakala ya amana. Kuipokea nakala hiyo peke yake hakuihamishii maktaba hakimiliki ya mwandishi.

Ya tatu na ya nne hazina budi kutenganishwa: uhifadhi na uenezaji. Kuhifadhi ni kulinda karatasi dhidi ya unyevu na mchwa, na kulinda faili za kompyuta zisiharibike wala zisipitwe na mitambo ya kuzisomea. Kueneza ni kumwezesha msomaji aliye mbali kujua kuwa kazi ipo, na kuisoma. Kanuni isemayo tu kwamba tasnifu "itahifadhiwa" yaweza kutimizwa kwa kuifungia kabatini. Kwa hiyo mtafsiri ajiulize: je, matini asilia yataka kulinda, kueneza, au yote mawili? Pale usomaji unapoahirishwa kwa miaka kadhaa, kwa mfano mwandishi akitaka kwanza kuchapisha kitabu, twapendekeza muda wa zuio.

Hasara ya kufungia ni yetu sote. Tuchukue mfano wa mtafiti akusanyaye kwa wavuvi majina ya samaki na zana. Tasnifu yake isipoonekana, mtafsiri wa kitabu cha uvuvi atabuni maneno mapya kwa vitu ambavyo tayari vina majina.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, somo la Kiswahili lilianza kufundishwa kwa Kiswahili chenyewe mwaka 1970. Hata hivyo, tasnifu za fani nyingine nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Twapendekeza basi kila tasnifu iambatane na ikisiri ya Kiswahili na orodha ya istilahi zilizotumika. Ukurasa mmoja wa ikisiri waweza kumfikia mwalimu au mtumishi wa Serikali asiyeweza kusafiri hadi Mlimani.

Wasomaji wenye istilahi zifaazo zaidi watuletee, tuzijadili.