Sikio la Mtoto wa Tokyo

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Na wewe uliyenuna hapo mlangoni, sogea pia. Jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba wewe wa darasa la tano umeshachelewa, kwamba Kiingereza ni cha binamu yako aliyekianza chekechea. Neno hilo limeninyima usingizi, kwa hiyo leo nalijibu.

Semeni "kula". Haya, semeni "kura". Kwenu hayo ni maneno mawili, moja la sahani, jingine la sanduku. Lakini wako watu ambao lugha ya mama yao haitenganishi sauti hizo, nao wakiteleza nyinyi mnaangua kicheko. Msiwacheke. Sikio lao lilijifunza mapema kwamba tofauti ile haina kazi.

Mapema kiasi gani? Kijapani nacho hakitenganishi r na l. Mtafiti mmoja wa Marekani, Patricia Kuhl, na wenzake waliwapima watoto wachanga wa Tokyo na wa Seattle. Mtoto asiyesema anapimwaje? Anapakatwa na mama yake, spika inarudia ra, ra, ra, kisha inageuka: la! Kila sauti inapogeuka, kando ya mtoto mwanasesere anaanza kuchezacheza. Punde mtoto anang'amua, akawa anageuza shingo kabla mwanasesere hajacheza. Shingo ndiyo inayojibu mtihani.

Watoto wa miezi 6 hadi 8 walisikia sawasawa, wa huku na wa kule. Kwa wale wa miezi 10 hadi 12, wa Seattle walikuwa wamepanda, wa Tokyo wameshuka. Kitoto hakijatimiza mwaka, hata kutembea bado, na sikio limeshaanza kuchagua! Kila nikilikumbuka jambo hili nashikwa na mshangao.

"Basi bibi, si ndiyo nimechelewa?"

Subiri, mjukuu wangu. Kitoto kile kinaogeshwa kwa lugha, kinalishwa kwa lugha, kinabembelezwa kwa lugha, kuanzia alfajiri hadi usiku. Shuleni lugha ya kigeni ina vipindi vichache kwa wiki, mmebanana darasani, na kengele inalia kabla zamu yako ya kusema haijafika. Kwa mtoto mdogo anayejifunza kwa kusikia tu, hilo ni tone mahali palipohitaji mvua.

Hapo twende Barcelona, Hispania. Kule Kiingereza kilikuwa kikianza mtoto akiwa na miaka 11, kisha sheria ikabadilika, kikaanza kwenye miaka 8. Carmen Muñoz na wenzake wakayalinganisha makundi hayo mawili baada ya saa zilezile za masomo: 200, 416, na 726. Katika vipimo vingi, walioanza wakubwa ndio waliokuwa mbele. Mtoto wa miaka 11 ameshajua kusoma na kuandika lugha yake. Anaweza kuuliza kwa nini sentensi imekaa hivi, akashika kanuni na kuitumia kesho yake. Ndiyo maana moyo unaniuma nikiona vitoto vinakimbizwa kwenye lugha ya kigeni kabla havijasoma hata ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Binamu yako naye ana lake: akipata mwalimu anayekisema vizuri, tena kila siku, matamshi yatamwingia kwa wepesi kuliko wewe. Hilo sikufichi. Joseph Conrad, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1857, alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka 20 hivi, baharia kwenye meli za Waingereza. Mwaka 1895 alitoa riwaya yake ya kwanza kwa lugha hiyo, na leo anahesabiwa miongoni mwa waandishi wake wakubwa. Lakini kila alipofungua kinywa, lafudhi ya kwao ilisikika, mpaka anakufa.

Haya, leta daftari. Sema *rice*, ule mchele. Sasa sema *lice*, wale chawa. Umesikia ulivyoyatenganisha bila kujikaza? Mtoto wa Tokyo wa rika lako anahangaika hapo. Wewe sikio hilo ulipewa na Kiswahili, ungali mgongoni kwa mama yako. Tuendelee na neno la tatu.