Mubashara unakatika, rekodi nayo mbovu: kosa liko wapi?

Mazishi yako Tabora, mtoto wa marehemu yuko Muscat. Siku hizi kijana wa video anafunga kamera, anaiunganisha na kompyuta, na ndugu walio mbali wanafuatilia kwenye simu kupitia YouTube au Facebook. Shida ni pale picha inapoganda katikati ya ibada. Jioni familia ikiomba rekodi ya kuhifadhi, nayo ina ukungu. Na mazishi hayarudiwi.

Vijana wengi wa kazi hii wanatumia OBS Studio, programu ya bure, kwa hiyo nitaeleza kwa hiyo. Ndani yake kuna enkoda, ambayo kazi yake ni kubana picha. Video ghafi ya kamera ni kubwa mno kwa bando lolote, lazima ifinywe kwanza ndipo isafiri.

Wengi wanakwama kwa sababu wanadhani kurusha na kurekodi ni kazi moja. Kurusha kunabanwa na mtandao, kurekodi kunabanwa na nafasi kwenye diski. Usipogusa mpangilio, OBS inaweza kuhifadhi kilekile inachokirusha. Ukishusha ubora ili picha ipite kwenye mtandao dhaifu wa kijijini, umeishusha na rekodi.

Unaweza kuipa rekodi enkoda yake. Lakini kompyuta sasa inabana video mara mbili kwa wakati mmoja, na mashine ya zamani inalemewa. Angalia kama ina enkoda kwenye chipu ya picha: Quick Sync kwa prosesa nyingi za Intel, NVENC kwa kadi nyingi za NVIDIA. Kama haina, mimi ningeacha kazi zote mbili zitumie enkoda moja. Rekodi ya wastani ni bora kuliko kukosa vyote.

Picha ikianza kuruka, usibahatishe. Fungua dirisha la takwimu la OBS. Namba ya “Dropped Frames” ikipanda, mtandao umeshindwa: punguza kbps. Inayopanda ikiwa ile ya “encoding lag”, kompyuta ndiyo imechoka: shusha picha kutoka 1080 hadi 720, au fremu kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde. Hapo hata ukinunua bando jipya hutapata nafuu, ingawa ndilo jambo la kwanza watu hukimbilia.

Kwa picha ya 720 yenye fremu 30, kbps 2,500 zinatosha. Pima kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Ile ya kushusha mara nyingi ni kubwa na inadanganya. Ukipata Mbps 4 za kupandisha, una nafasi ya kupumua. Saa moja itakula karibu GB 1.2. Fremu kuu iwekwe kila sekunde 2, ndivyo YouTube wanavyopendekeza.

Halafu kuna umeme. Ukirekodi kwa MP4 ya kawaida na umeme ukakatika kabla hujasimamisha rekodi, faili lote linaweza kukataa kufunguka, hata kama ulikuwa umerekodi saa tatu. Rekodi kwa MKV: umeme ukikatika, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki. Baadaye OBS yenyewe inaligeuza faili kuwa MP4 bila kupunguza ubora, ili mwenye sherehe aweze kulifungua kwenye simu yake.

Na ninyi mnaorusha kwa simu tu, bila kompyuta: nakala inayobaki kwenye ukurasa wenu ni ile iliyofika huko mtandaoni, pamoja na mikwaruzo yake yote. Tafuteni simu ya pili ya kurekodi peke yake. Iwekeni kwenye hali ya ndege, kwa sababu simu ya shangazi anayeuliza mmefika wapi inaweza kukata rekodi katikati.